Kifeni cha Ordinatere na Masikio ya Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Najua mtacheka. Ninyi mnashika mashini ya kutoboa mawe yenye kelele ya desibeli 110 na kupita, na muganga-msaidizi wenu anakuja kulalamika juu ya kifeni cha ordinatere, kitu cha ukubwa wa kiganja. Mmoja wenu aliniambia waziwazi: «Wee muganga, shuka na sisi chini siku moja tu, utasahau ordinatere yako.» Alisema kweli. Ordinatere inavuma kwa desibeli 40 hivi. Haiwezi kuharibu sikio la mtu, hata akikaa mbele yake miaka 30. Sikio linaingia hatarini kwa kelele ya desibeli 85, kama mtu anakaa ndani yake saa 8 kila siku ya kazi.

Hasara ya kifeni iko upande mwingine, nayo inamgusa mtoboaji kuliko karani.

Siku mtu anapoingia kazini tunampima masikio. Anavaa kaske ya masikio, anasikiliza milio midogo sana, mmoja mmoja, kutoka hertzi 500 mpaka 8000, na kila akisikia anainua mkono. Siku hizi chombo cha kupimia kinafungwa kwenye ordinatere, kwa hiyo hatuwezi kuizima na kuendelea. Sasa, feni ikivuma mle chumbani, ule mlio mzito wa 500 unamezwa. Mtu hainui mkono. Mimi ninaandika: sikio dhaifu. Kumbe sikio lake ni zima kabisa! Miaka 10 ikipita, kelele ya mgodi ikiwa imemharibu kweli, atakuja kudai haki yake. Tutafungua karatasi ya kwanza, na karatasi itamjibu: wewe ulifika kazini hivi hivi. Nani atamwamini yeye na kuacha karatasi?

Tena kuna tansio, ambayo tunaisikiliza kwa stetoskopi, na kifua cha mtu tunayemshuku silikozi. Sauti hizo ni ndogo. Na wazee wetu wa mgodi ambao masikio yamekwisha kupungua hawasikii maswali yangu vizuri kama kuna mvumo nyuma yake. Wanaitika «ndiyo» kwa adabu tu.

Ndiyo maana ninasema: chumba cha mapimo kipewe regilatere ya feni. Lakini inayofaa, kwa maana nyingine ni mbaya kuliko kelele yenyewe.

Kwanza jina. Ukienda dukani Kalemie na kuuliza regilatere, watakuletea lile sanduku zito la kulinda friji umeme unapopanda na kushuka. Hilo si letu. Sema: regilatere ya vantilatere ya ordinatere, na uwe umebeba feni ya zamani mkononi. (Ndugu zetu wa Kigoma wanasema feni, na neno hilo ni fupi, nami nalitumia.)

Hesabu nyuzi za feni. Yenye nyuzi 3 inapunguzwa mwendo kwa kupunguziwa umeme, kutoka volti 12 mpaka 7 au hata 5. Angalisho: kwa volti 5 feni nyingine zinashindwa kuanza kuzunguka. Yenye nyuzi 4 inabaki na volti 12 zake, na ule uzi wa nne unaipelekea amri ya mwendo. Regilatere ya namna moja haitaongoza vizuri feni ya namna nyingine. Soma pia wati zilizoandikwa: kama unafunga feni mbili kwa njia moja, jumla yake isipite nguvu ya njia hiyo.

Sasa maoni yangu, na fundi mmoja wa umeme hakubaliani nami. Yeye anapenda ile yenye kifungo cha kuzungusha kwa vidole, kwa sababu ni rahisi na haiharibiki upesi. Mimi nilinunua moja ya namna hiyo kwa franga zangu. Wiki ya pili mwenzangu mmoja, amechoka na mvumo, akakizungusha kifungo mpaka mwisho. Kimya kizuri! Feni zilikuwa zimesimama. Saa tisa alasiri, joto la Kirungu likiwa kali, ordinatere ikajizima yenyewe, nayo ikapotea na mapimo ya watu 6. Tangu hapo sitaki kifungo ndani ya chumba chenye watu wengi. Nataka regilatere yenye kipima-joto chake, inayoongeza mwendo joto likipanda, na isiyoruhusu feni kusimama kabisa.

Na kabla ya kutoa pesa, mwambieni fundi aangalie ndani ya matengenezo ya ordinatere yenyewe, yale yanayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe wakati inapowaka. Mashini nyingi zina regilatere yao humo tangu kiwandani, na hakuna aliyewahi kuigusa.

Msidhani tunaomba upepo uondoke. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, upepo unapungua nusu, lakini kelele inashuka karibu desibeli 15. Hiyo ni faida kubwa. Feni pana ya milimita 120 inayozunguka polepole inatoa upepo sawa na ile ya 80 inayolia kama nyuki.

Vumbi ni jambo la kwanza kuliko yote. Vumbi jekundu likijaa, ordinatere inapata joto na feni inakimbia bure. Ipanguseni ikiwa imezimwa na waya umetolewa ukutani. Msitumie hewa ya kompresa ya karakana, ina maji na mafuta. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Lile sanduku la umeme lililo ndani msilifungue, wala kufunga regilatere kwa feni yake: linaweka umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mpaka wakubwa wajibu ombi hili, tutapima masikio asubuhi mapema, kabla ya joto, feni zikiwa bado na mwendo mdogo. Ukisikia mvumo kaske ikiwa masikioni, sema palepale. Nitafuta mapimo hayo na utarudi siku nyingine. Wala usije kwangu moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Masikio yapumzike kwanza mbali na mashini, saa 14 kamili.