Maktaba ya Jeni: Tuijenge, Tusiikariri

Makomredi wa bayolojia, tuambiane ukweli. Kila mwaka swali la maktaba ya jeni linakuja kwenye mtihani, tunachora plazmidi, tunapata alama, basi. Niko mwaka wa nne na sijajenga hata moja. Naona wakati umefika kazi hii itoke kwenye noti iingie maabara.

Kwani ni miujiza? Unatoa DNA, unaikata kwa vimeng'enya, unapachika kila kipande kwenye plazmidi, kisha unaingiza plazmidi hizo ndani ya E. coli. Kila koloni inayoota inabeba kipande chake, kama kitabu kwenye rafu. Hesabu yake Clarke na Carbon walitupa mwaka 1976: kwa bakteria mwenye jozi za besi milioni 4.6, ukikata vipande vya 5,000, koloni kama 4,200 zinakupa uhakika wa asilimia 99 kwamba kipande unachotafuta kimo.

Kuna watakaosema hayo ni ya kale, siku hizi mashine inasoma jenomu nzima. Sawa. Lakini mashine inakupa herufi tu. Jeni nyingi bado hazijulikani kazi yake. Maktaba inakuonyesha jeni ikifanya kazi. Unatafuta ya kuvunja selulosi? Otesha koloni kwenye agari yenye selulosi, mwagia rangi ya Congo red, suuza kwa maji ya chumvi. Koloni yenye jeni hiyo itazungukwa na duara lililopauka. Unaiona kwa macho.

Na jambo hili linatugusa. Pamba ya jinzi ni selulosi. Mwaka 2004 KWS ilidai hadharani mgao wa faida ya kimeng'enya cha kuchakaza jinzi, kilichotokana na vijidudu vya maziwa yetu ya magadi na kuuzwa na kampuni ya ng'ambo. Kudai ni haki. Ila matope yakiwa yetu na ujuzi wa wengine, tutadai mgao mpaka lini?

Idara itupe wiki sita, vikundi vya watu watano, na udongo wa nyuma ya hosteli. Nanyi viongozi wetu, mkipeleka madai ya HELB na maji, ongezeni na hili: vimeng'enya na agari. Tumelipa karo ya maabara, tuitumie.