AFYA YETU: Soma Jina Lako Kwenye Kikopo

Ndugu msomaji, mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Mwezi huu twende maabara. Maabara ni chumba cha kupimia. Humo damu, mkojo, choo na makohozi hupimwa ili ugonjwa ujulikane. Wengi wetu tunalijua dirisha la maabara kwa nje tu. Tunatoa karatasi, tunatobolewa kidole, tunakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Yanayotendeka ndani hatuyajui. Leo tuyajue, maana na sisi tuna kazi ya kufanya hapo.

KWA NINI TUPIMWE?

Homa ni kama moshi. Ukiuona moshi unajua pana moto, lakini hujui kinachoungua ni nini. Katika vijiji vyetu vya Handeni na Korogwe, kwa miaka mingi kila homa tuliiita malaria. Je, ilikuwa malaria kweli?

Mwaka 2004 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa taabani, nao walitibiwa kama wagonjwa wa malaria. Damu yao ilipopimwa kwa makini, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu. Hawafiki nusu. Wengine waliumwa maradhi mengine, na baadhi yao hawakupewa dawa za maradhi hayo. Basi kipimo si cha kupoteza muda. Kipimo ndicho kinachoonyesha njia.

SAFARI YA DAMU YAKO

Mganga akitaka upimwe, huandika karatasi. Karatasi hiyo ina jina lako, umri wako, mahali unapotoka, tarehe na kipimo kinachotakiwa. Unaipeleka maabara. Huko unaandikwa katika daftari, au katika kompyuta, na kupewa namba. Namba hiyohiyo huandikwa kwenye kioo, chupa au kikopo chako.

Kama ni malaria, tone la damu hupakwa kwenye kioo kidogo. Hukaushwa, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Au hutumika kipimo cha haraka, ambacho hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Jibu huandikwa, kisha hurudishwa kwa mganga.

Angalia jambo moja. Mtu wa hadubini hauoni uso wako. Anaona kioo na namba. Mganga naye hakioni kioo. Anaona karatasi. Kinachounganisha vyote hivyo na wewe ni jina lako na namba yako tu.

WAKICHANGANYIKA HUWAJE?

Tuchukue mfano. Asubuhi moja wanafika Hamisi Juma wa Mkata na Hamisi Juma wa Sindeni. Wote wanakohoa. Wote wanatoa makohozi. Majina yao yameandikwa kwenye vifuniko, wala si kwenye vikopo. Vikopo vinafunguliwa, vifuniko vinabadilishana.

Hamisi wa Mkata ana kifua kikuu. Anaambiwa hana. Anarudi nyumbani, analala chumba kimoja na watoto na kuwakoholea. Hamisi wa Sindeni ana mafua tu. Anaanza kumeza dawa za miezi 6 zisizomhusu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kosa lilikuwa dogo kama kifuniko, lakini nyumba mbili zimeumia.

Ndiyo maana jina huandikwa kwenye kikopo chenyewe. Na ndiyo maana huulizwi jina tu, unaulizwa pia umri na kijiji. Akina Hamisi Juma ni wengi. Hamisi Juma mwenye miaka 43 wa Mkata hawezi kuwa na wenzake wengi.

USIKASIRIKE UKIRUDISHWA

Wakati mwingine maabara hukataa kupima. Hukataa kikopo kisicho na jina. Hukataa jina la kwenye karatasi lisipolingana na la kwenye kikopo. Hukataa kikopo kilichovuja, na damu iliyoganda katika chupa isiyotakiwa kugandisha damu. Mtaalamu akikwambia, "Mama, tutaomba utoe tena," usiseme anakusumbua. Anakulinda. Jibu lisilo lako ni baya kuliko kukosa jibu.

NAMNA YA KUTOA VIZURI

Makohozi: Yatoe asubuhi unapoamka, nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani. Mate si makohozi. Funga kikopo vizuri, usikiache juani. Kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

Mkojo wa kichocho: Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Matone ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi. Usiyamwage.

Choo: Kiasi cha harage kinatosha. Kisichanganyike na mkojo wala udongo. Kipeleke mapema, kwa sababu baadhi ya vijidudu hufa upesi na havionekani tena.

Tumia kikopo ulichopewa maabara. Chupa ya dawa au ya mafuta ina mabaki yanayoweza kuharibu kipimo.

MFANO KUTOKA KOROGWE

Wenyeji wa Korogwe wana sababu ya kulijua jambo hili. Kati ya mwaka 2009 na 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika nchi hizo. Walichanjwa, wakafuatiliwa, wakipata homa damu yao ikapimwa. Fikiri kama damu ya mtoto aliyechanjwa ingeitwa ya mtoto asiyechanjwa. Nani angejua kama chanjo inafaa? Mwezi Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Kazi kubwa kama hiyo ilitegemea jambo dogo: kila tone la damu lijulikane ni la nani.

KAZI YAKO WEWE

Ndugu msomaji, zamani ulipokuwa hujui kusoma ulilazimika kuamini tu. Leo unasoma. Basi fanya haya manne.

Kwanza, tumia majina yaleyale kila uendapo: lako, la baba na la babu. Leo usiwe Mama Mwajuma, kesho Zaina Rajabu. Wakikuandika majina mawili, watakuwa na wagonjwa wawili.

Pili, kabla hujaondoka dirishani, soma jina na namba kwenye kikopo na kwenye karatasi. Kama wewe ni mtu mzima na mtaalamu ni kijana, mwambie, "Mwanangu, naomba nilione jina langu." Kama wewe ndiye kijana, amkia kwanza: "Shikamoo, naomba nisome jina langu." Si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Tatu, ukipewa majibu, soma tena jina, umri na tarehe. Kama si zako, sema palepale.

Nne, msaidie asiyejua kusoma. Bibi aliyekaa nawe kwenye benchi ana jina pia. Msomee.

Kujifunza kusoma si kwa ajili ya barua na magazeti tu. Herufi chache kwenye kikopo zinaweza kumfikishia mtu dawa iliyo yake.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini jina liandikwe kwenye kikopo na si kwenye kifuniko?
2. Katika kijiji chako, ni watu wangapi wenye jina kama lako?
3. Utamwambia nini jirani anayenunua dawa ya malaria bila kupimwa?