Maadili ya Msingi Yapo Mizanini
Ofisi nyingi nchini, za umma na za kampuni, zimebandika ukutani Dira, Dhima na Maadili ya Msingi: uadilifu, uwajibikaji, kumjali mteja. Ni maneno mazuri, na nayaheshimu. Lakini hapa Bahi, msimu wa mpunga, utamaduni wa chama cha ushirika au wa kampuni ya nafaka hujulikana kwenye mizani. Mnunuzi anataka lumbesa, gunia lililojazwa likapita mdomo na kushonewa kofia kwa kamba, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Karani, kijana wa ajira ya msimu, anamtazama meneja. Akiambiwa “punguza, shona, pima kwa kilo,” amejifunza uadilifu zaidi kuliko kwenye semina yoyote. Meneja akijifanya anaongea na simu, kijana amejifunza pia. Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, walianza na hilohilo: unga usioghushiwa, uzito kamili. Waajiri, kabla ya kuchapisha bango jipya, kaeni na karani na mtunza ghala. Waulizeni ni agizo gani la bosi linalowanyima usingizi, kisha muandike atakayewalinda wakilikataa.