Tovuti mpya pekee haitayaokoa magazeti ya wanafunzi

Na Mwandishi Wetu

UAMUZI wa Chuo Kikuu cha Indiana, nchini Marekani, wa kusitisha uchapaji wa gazeti la wanafunzi wake Oktoba 2025 umefufua mjadala mkubwa kuhusu maana halisi ya kuliingiza gazeti katika zama za intaneti.

Uongozi wa chuo hicho ulieleza kuwa hatua hiyo ilikuwa ya kibiashara, yenye lengo la kuhamisha fedha na nguvu kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye tovuti. Wahariri wa gazeti hilo, Indiana Daily Student, lililoanzishwa mwaka 1867, walisema huo ulikuwa udhibiti wa habari uliovishwa joho la maendeleo.

Mfuatano wa matukio ndio uliozua maswali. Uongozi ulikuwa umetaka toleo la sherehe za kila mwaka za kuwakaribisha wahitimu wa zamani lisibebe habari za kawaida, bali taarifa za sherehe hizo pekee. Mkurugenzi wa vyombo vya habari vya wanafunzi, Jim Rodenbush, alikataa kuwashurutisha wahariri kutii agizo hilo.

Oktoba 14 Rodenbush aliachishwa kazi. Siku hiyo hiyo wahariri wakaelezwa kuwa gazeti halitachapishwa tena.

Siku tatu baadaye wanafunzi wa gazeti la Exponent la Chuo Kikuu cha Purdue, ambacho ni mpinzani wa jadi wa Indiana, walichapisha toleo maalumu la kuwaunga mkono wenzao na kulisambaza mjini Bloomington. Hatimaye, Oktoba 30, mkuu wa kampasi hiyo, David Reingold, alilegeza msimamo na kuwaruhusu wahariri kutumia bajeti yao watakavyo, uchapaji ukiwamo, hadi Juni 2026. Rodenbush naye alifungua kesi mahakamani dhidi ya chuo.

Hoja ya fedha haikuwa ya kubuni. Gazeti hilo limekuwa likijiendesha kwa hasara kwa miaka kadhaa, na tangu mwaka 2024 ulikuwapo mpango wa kupunguza uchapaji na kubakiza matoleo maalumu machache. Hata hivyo, hoja ya hasara haielezi kwa nini agizo la kuondoa habari lilitangulia lile la kuondoa karatasi.

Wanafunzi walitangulia

Magazeti ya wanafunzi hayajawahi kuuogopa mtandao. The Tech, gazeti la wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT, liliingia katika intaneti mwaka 1993, wakati magazeti mengi makubwa duniani yalikuwa bado hayajafungua tovuti.

Tatizo lilikuwa gharama na utaalamu. Mwanafunzi anayeijenga tovuti leo atahitimu na kuondoka baada ya miaka michache, na anayempokea huenda asijue mitambo inavyofanya kazi wala nenosiri limehifadhiwa wapi.

Pengo hilo lilizibwa na kampuni ya College Publisher, ambayo ilizitunza tovuti za mamia ya magazeti ya vyuo bila malipo, kwa masharti kwamba nayo iuze sehemu ya nafasi za matangazo. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na mtvU, tawi la MTV lililolenga wanafunzi.

Mpango huo ulikuwa na unafuu wake, lakini ulikuwa na bei. Tovuti nyingi zilifanana kama sare za shule, na sehemu ya mapato iliishia kwa mwenye mitambo. Katika miaka iliyofuata magazeti mengi yalihamia kwenye programu huria, hasa WordPress, ili yawe na kauli juu ya nyumba yao.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Kampuni ya The State News, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan State, ilitengeneza programu yake ya kuendeshea tovuti na kuanza kuwahudumia wenzao wa vyuo vingine.

Sura si kila kitu

Mara nyingi mjadala wa kuboresha tovuti huanzia kwenye rangi, herufi na picha kubwa. Yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech Aprili 16, 2007 yalionyesha jambo tofauti. Siku hiyo mtu mwenye silaha aliwaua watu 32, na tovuti ya gazeti la wanafunzi, Collegiate Times, ikaelemewa na wingi wa wasomaji. Habari zililazimika kuhamishiwa kwenye ukurasa mwepesi usio na mapambo.

Wazazi waliokuwa wakisaka majina ya watoto wao hawakuhitaji picha zinazocheza. Walihitaji ukurasa unaofunguka. Kipimo hicho kinafaa hadi leo, hasa kwa msomaji anayetumia simu ya mkononi na kununua data kwa kiasi kidogo kidogo.

Kipimo cha pili ni umiliki. Aprili 2014 gazeti la Columbia Daily Spectator la New York lilitangaza kuwa litaacha kuchapishwa kila siku na kuwa la wiki, huku habari za kila siku zikiwekwa mtandaoni. Gazeti hilo limekuwa huru kifedha na chuo tangu mwaka 1962, hivyo uamuzi ulifanywa na wenye gazeti. Wapo walioupinga, lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa uongozi wa chuo umewanyang'anya kalamu.

Mfano mwingine ni Stanford Daily, ambalo lina kampuni yake tangu mwaka 1973. Mwishoni mwa mwaka 2022 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Theo Baker, alianza kuchapisha habari kuhusu kasoro katika tafiti za rais wa chuo hicho, Marc Tessier-Lavigne. Julai 2023 rais huyo alitangaza kujiuzulu, baada ya jopo la uchunguzi kutoa ripoti yake.

Habari hizo zilisomwa duniani kote kwa sababu zilikuwa mtandaoni. Lakini ziliweza kuandikwa kwa sababu chuo hakikuwa mwajiri wa mhariri.

Somo kwa Afrika Mashariki

Tanzania inayo kumbukumbu yake. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida la Cheche, lililobeba maandishi ya watu kama Walter Rodney na Issa Shivji. Lilipigwa marufuku Novemba 1970. Hata hivyo, nakala zilikwisha kufika mikononi mwa wasomaji, na mwaka 2011 mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alitoa kitabu kuhusu historia yake.

Tovuti haina kinga hiyo. Ada ya kuihifadhi isipolipwa, au mwenye seva akiamua kuifunga, kazi ya miaka kumi hutoweka kwa usiku mmoja. Kwa Tanzania lipo pia suala la leseni, kwani kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya Sh1 milioni kwa mwaka, kiwango kizito kwa kikundi cha wanafunzi, ingawa kanuni hizo zimerekebishwa baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi wa tovuti, wahariri wa gazeti la wanafunzi wana maswali ya kujibu. Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Nenosiri analo nani mhariri akihitimu? Nakala za habari za zamani zinahifadhiwa wapi? Fedha za matangazo zinaingia katika akaunti ya nani?

Majibu yakiwa ni "uongozi wa chuo" kwa kila swali, basi tovuti hiyo, hata ikipendeza namna gani, itakuwa ubao wa matangazo wa chuo. Wanafunzi wa Indiana waligundua hilo wakati amri ya kusimamisha mitambo ilikwisha kutolewa. Wengine bado wanao muda wa kuuliza.