Kamera ya kwanza isile mtaji wako

Wauzaji wenzangu, mimi DSLR yangu ya kwanza nilinunua mpya kabisa, kwa hela ya mzigo. Picha zikatoka kali, wateja wakajaa DM. Mzigo wa kuwauzia sina! Wakahamia kwa wengine.

Leo ningeanza hivi: kamera iliyotumika, kama Canon 1300D. Ina megapikseli 18, na kwa posti za simu zinatosha na kubaki. Usikubali kuongeza laki kadhaa eti ile nyingine ina 24.

Hela inayobaki, tafuta lenzi ya 50mm f/1.8. Ni ya bei nafuu kuliko lenzi nyingi, na inafifisha vizuri vitu vya nyuma, kiatu au gauni lionekane lenyewe. Mwanga wa dirishani ni bure.

Kabla hujalipa, weka f/16, piga ukuta mweupe mara tatu. Ukiona madoa yaleyale, ndani kuna uchafu, omba upunguziwe. Uliza pia imeshapiga picha ngapi.

Na kama kuinunua kunamaliza mzigo dukani, ndugu yangu, endelea na simu kwanza. Picha nzuri ya bidhaa usiyonayo haikulipi kodi.