Mgeni wa Angani Hana Haja Nasi

Kila nikifungua hadithi mpya ya kisayansi nakutana na jamaa yuleyule. Kichwa kikubwa, macho meusi yasiyopepesa, mikono miwili, miguu miwili, ngozi ya kijivu au ya kijani. Ameshuka na kisahani kinachoruka. Ana ujumbe, na ujumbe wenyewe, ajabu, unatuhusu sisi: ama amekuja kutumaliza, ama amekuja kutuonya tuache vita na tuache kukata miti. Halafu anafungua mdomo na kuongea Kiswahili sanifu kumshinda mtangazaji wa taarifa ya habari.

Huyu jamaa nimemchoka. Na nieleweke: sisemi kwamba viumbe wenye akili hawapo huko nje. Nadhani wapo. Tangu mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, wanaastronomia wameshathibitisha sayari zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wetu wa jua, na hapo wamechungulia kipande kidogo tu cha galaksi yetu yenye nyota zisizopungua bilioni 100. Kudai kwamba katika hayo yote ni sisi tu tuliojaliwa akili ni majivuno, tena majivuno ya mtu ambaye hajawahi kutoka kijijini kwao.

Lakini kuwepo ni jambo moja, na kuja kwetu ni jambo jingine kabisa. Hapa duniani uhai una umri wa miaka bilioni 3.5 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ulikuwa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Binadamu wa aina yetu ana miaka 300,000. Redio ina miaka mia na ushei. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya jua, iko umbali wa miaka 4.2 ya mwanga. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kwa mwendo wake kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kukata umbali huo kama kingekuwa kinaelekea huko, na wala hakielekei huko. Kwa hiyo lile swali aliloliuliza Enrico Fermi mwaka 1950 akiwa mezani na wenzake, kwamba wako wapi basi hao, mimi nalijibu kikawaida tu: wako kwao. Wengine huenda walishatoweka kabla samaki wa kwanza hajaogelea katika bahari zetu. Wengine bado.

Sasa kwa nini fasihi inang'ang'ania kuwaleta?

Nadhani neno lenyewe limetuponza. Tunawaita "wageni", na mgeni kwetu ni mtu anayebisha hodi. Akishabisha hodi kuna njia mbili tu za kumpokea. Ya kwanza ni ile ya methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Ndiyo njia ya Carl Sagan katika Contact (1985), ambamo wageni wanatutumia maelekezo ya kujenga mashine, na msafiri anapofika kwao, mgeni anamtokea kwa sura ya marehemu baba yake, ufukweni. Umesafiri kuvuka nyota zote hizo ukamkute baba! Njia ya pili ni ya H. G. Wells katika The War of the Worlds (1898). Wells aliwapa watu wake wa Mirihi minyiri kama ya pweza, lakini ndani ya minyiri ile aliweka dola ya Kiingereza. Na hakuficha, tangu sura ya kwanza anawataja wenyeji wa Tasmania, waliofyekwa na walowezi wa Kizungu. Aliwageuzia Waingereza bunduki yao wenyewe wajionee inavyokuwa.

Mkweli kuliko wote ni wa kwetu. Katama Mkangi alipoandika Walenisi (1995), akampeleka Dzombo mbali kwa chombo cha angani, alituwekea jibu kwenye jalada: ligawe jina, unapata "wale ni sisi". Mkangi alikuwa anaandika siasa na alijua kwamba anaandika siasa. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mwandishi anayeandika Walenisi yake huku akidhani anaandika kuhusu nyota.

Mtaniambia, si ni burudani tu, wewe unakazana nini? Nakazana kwa sababu mgeni huyu anayekuja kwa ajili yetu ana tabia moja mbaya: akifika Afrika, anaiba. Mwaka 1968 Erich von Däniken alichapa kitabu chake cha magari ya miungu, na tangu hapo mamilioni ya watu wameaminishwa kwamba Wamisri hawakuweza kupanga mawe bila msaada kutoka juu. Mwaka 1976 akaja Robert Temple na Wadogon wa Mali: eti walichokijua kuhusu nyota ya Sirius walifundishwa na viumbe wa majini walioshuka kutoka huko. Mwanaanthropolojia Walter van Beek alikwenda kuishi na Wadogon haohao, na mwaka 1991 akaandika kwamba elimu hiyo ya siri hakuikuta. Ni ugonjwa uleule uliowafanya walowezi waseme Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoinike, wakaendelea kusema hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuchimba mwaka 1929 na kuonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika. Mfoinike wa jana ndiye mgeni wa angani wa leo. Mtu akinirushia video ya "nani hasa alijenga mapiramidi" kwenye kundi la wapenzi wa vitabu, sicheki.

Wapo watu makini zaidi, nao wana hoja ya kuheshimika. Wanasema hatuhitaji kufanana nao, kwa kuwa hisabati ni ileile kila mahali. Mbili na mbili ni nne hata Mirihi. Ndiyo maana tarehe 16 Novemba 1974, kutoka Arecibo, Puerto Rico, ulirushwa ujumbe wa alama 1,679 kuelekea kundi la nyota la M13, umbali wa miaka 25,000 hivi ya mwanga. Idadi hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: ni 23 mara 73, namba mbili tasa, ili mpokeaji ajue kuzipanga ziwe picha. Na katika picha hiyo yumo mtu, amesimama, kichwa juu.

Mimi hapo nagoma. Ili uipate picha ile lazima uwe na macho au kitu cha kufanana na macho, uwe na mazoea ya kupanga vitu kwa mistari, na juu ya yote, uwe na hamu ya kujua. Mpokeaji tuliyemwandikia ni mhandisi wa redio mwenye kichwa kimoja. Vivyo hivyo sahani ya dhahabu iliyofungwa kwenye vyombo vya Voyager, yenye salamu za lugha 55. Wapenzi wa Kiswahili hukasirika wakiambiwa kwamba Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Mimi sioni tulichopoteza. Salamu zile wanadamu walijisalimia wenyewe.

Mazungumzo ya kweli kati ya akili mbili zisizofanana yapo, tena yapo huku kwetu. Kaskazini mwa Msumbiji, katika hifadhi ya Niassa, Wayao wanaorina asali wana mlio wao wanaoutoa mdomoni, mtetemo mrefu unaomalizikia na mguno. Wanamwita ndege wa porini, ambaye hakufugwa na hakufunzwa na mtu, naye huja na kuwaongoza mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2016: mlio ule unapotumika, uwezekano wa ndege kuwaongoza warina asali unapanda kutoka theluthi moja hadi theluthi mbili. Wahadza wa Ziwa Eyasi nao humwita ndege huyohuyo, ila wao kwa mluzi, na ndege wa kila sehemu husikiliza zaidi wito wa watu wa kwao. Ni lugha hiyo, jamani, yenye hadi lahaja.

Lakini tazameni imejengwa juu ya nini. Mtu anataka asali. Ndege anataka nta, na hawezi kukabiliana na nyuki peke yake. Mtu ana moto na shoka. Hakuna namba tasa hapo. Pana njaa mbili zinazokutana kwenye shina moja la mti. Nauliza basi, sisi na kiumbe aliyezaliwa chini ya jua jingine, nta yetu ni ipi?

Au mchukueni pweza. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, na nyingi kati ya hizo ziko kwenye minyiri, si kichwani. Kila mnyiri unagusa, unaonja kwa vile vikombe vyake, na kwa kiasi fulani unaamua mambo yake bila kungoja amri. Babu yetu wa pamoja na pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na inaelekea alikuwa kitu kama mnyoo. Kwa hiyo akili yake ilijengwa kivyake, yetu kivyetu. Kama kuna mgeni wa angani tuliyepata kukutana naye, ni yeye. Nasi wa pwani tunamfuata mwambani maji yakitoka wakati wa bamvu, tunamchoma mkuki, tunamponda alainike, tunampika kwa nazi. Simlaumu mtu, nami nakula. Nasema tu kwamba tuko naye sayari moja, bahari moja, na maongezi yetu naye yameishia kwenye tui. Halafu tunataka kuongea na M13.

Hoja ya kunipinga ninayoiheshimu ni ya wasomaji, si ya wanasayansi. Fasihi ni ya watu, wanasema. Mgeni asiyeeleweka kabisa hatugusi moyo. Wanamtaja Nnedi Okorafor, ambaye katika Lagoon (2014) alianza vizuri kwa kuwashusha wageni baharini, samaki wakawa wa kwanza kukutana nao, kisha akalazimika kumpa mjumbe wao umbo la mwanamke ili hadithi isonge. Sawa. Ila Stanisław Lem alishawajibu mwaka 1961. Katika Solaris kuna bahari inayofunika karibu sayari nzima, na bahari hiyo huenda inafikiri. Wataalamu wameichunguza vizazi kwa vizazi na kujaza maktaba. Kisha bahari inamtolea Kelvin mke wake aliyejiua, imemfinyanga kutokana na kumbukumbu zake mwenyewe, na hakuna anayejua kama ni zawadi, ni adhabu, ni jaribio, au ni kitu kisicho na jina katika lugha ya watu. Aliyesoma kitabu kile aniambie hakuguswa.

Na hapo ndipo Kiswahili kina silaha ambayo wenzetu wa Kiingereza hawana. Sisi kila kitenzi kinatudai tuamue. Mti unakua, mtoto anakua. Kiumbe kwa umbo ni wa ki-vi, lakini kwa kuwa ana uhai tunasema kiumbe anakuja. Bahari ya Solaris je? Inafikiri au anafikiri? Ni nini au ni nani? Mwandishi wa Kiswahili hawezi kukwepa swali hili hata kwa sentensi moja. Sarufi yenyewe inamshika shati. Badala ya kutufanyia kazi, tumeiacha tukakimbilia kisahani kinachoruka.

Kwa hiyo wewe kijana unayeniandikia kwamba una mswada wa wageni wa angani: mfute jamaa wa macho makubwa. Andika "bahari alinyamaza". Sura mbili mbele andika "bahari ilinyamaza", wala usieleze ni nini kimebadilika. Mhariri atapiga mstari mwekundu chini ya zote mbili na kukuuliza ni ipi sahihi. Mwambie hata wewe hujaambiwa.