Tanuru la Matofali na Barua ya Askofu

Wako kati yetu wasemao: Kutunza miti na kukinga maji ya mvua ni mambo ya Wazungu, sisi wa Masisi na Walikale tuna vita, tuna njaa, tuna wakimbizi. Hao twawajibu wazi: Mmekosa.

Tutazame milima yetu. Masisi ni miteremko mitupu. Mlima ukivuliwa miti, mvua huchukua udongo, na mara huchukua nyumba na watu. Nasi tukitaka kupanua kanisa twafanya nini? Twakata mikaratusi, twawasha tanuru mchana na usiku, matofali yanaiva, mlima unabaki na upara. Kisha Jumapili twamwomba Mungu atukinge na maporomoko! Kumbe udongo uliochanganywa na simenti kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa tofali imara bila kuni hata moja. Wenzetu wa Walikale, kwa kuwa wamezungukwa na msitu, hudhani miti haiishi. Hata sisi wa Masisi tulidhani hivyo.

Na maji? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni litri moja. Basi paa la mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 30 ikinyesha, hupokea litri 6,000. Maji hayo twayaacha yachimbe msingi wa kanisa, na huku watoto wanashuka bondeni na vibidoni. Januari 2025 M23 waliteka Masisi, na Machi wakaingia Walikale. Watu wakikimbia hulala makanisani na shuleni. Mfereji wa bati na tangi ni anasa kwao? Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha nchi na kilio cha maskini vyasikilizwa pamoja.

Lakini tuna neno pia kwa wenye bidii. Hao huchangisha leo, kesho wako juu ya paa. Twajua mahali walipofunga paneli za jua juu ya mbao zilizoliwa na mchwa. Paa likapinda, na fedha za wajane zikaenda bure. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1216, yaamuru kutafuta shauri la wajuzi katika kujenga na kutengeneza makanisa. Kanuni ya 1215 yakataza kujenga kanisa bila ruhusa ya Askofu iliyoandikwa. Na ya 1281 yataka ruhusa ya maandishi kwa mambo yapitayo utunzaji wa kawaida. Mwasema karatasi zachelewesha. Kweli, njia ya Goma hufungwa. Basi andikeni mapema, na mkingoja jibu, pandeni miche.

Habari ya fedha ni fupi. Kanuni ya 537 yataka kila parokia iwe na halmashauri ya mali; iwepo kweli, si majina ukutani tu. Tena kanuni ya 1267 yasema kilichotolewa kwa kazi fulani kitumike kwa kazi hiyo: sadaka ya tangi si ya pikipiki. Mfadhili wa mbali ataomba hesabu, na kwa haki. Tumwonyeshe nini, ikiwa hata kila shirika halijui limetoa kiasi gani?

Mvua za Septemba haziko mbali. Fundi wa mabati tunaye, mchanga upo mtoni. Barua ndiyo haijaandikwa.